Kisanduku kinacholia, SMS ya nesi na kidonge chenye chipu: kipi ni kipi?

Maneno kuhusu dawa za siku hizi yanazunguka Kigoma kuanzia mwaloni Kibirizi hadi vijiwe vya Ujiji. Mmoja anasema vidonge vya TB vimetiwa chipu. Mwingine anaapa kwamba kisanduku cha dawa kinachotoa mlio kinanasa mazungumzo ya nyumbani. Wa tatu amepata SMS ya kumkumbusha kliniki akaifuta haraka, akidhani ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ndani ya maneno hayo ukweli upo kidogo na uvumi ni mwingi, na vifaa vitano visivyofanana vimerundikwa pamoja kana kwamba ni kimoja.

Tuanze na jambo lenyewe kabla ya vifaa. Kliniki huliita ufuasi wa dawa: kumeza dawa iliyoandikwa, kwa kipimo chake, kwa wakati wake, mpaka siku ya mwisho iliyopangwa. Ukilisema ni jepesi, kulitenda ni kazi. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kwamba hata katika nchi tajiri, ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata dawa zao inavyotakiwa. Hao ni watu wenye maji ya bomba, friji na duka la dawa mtaani. Kwa hiyo anayesema wagonjwa wetu wanaacha dawa kwa sababu ya ujinga, amekosea tangu mwanzo.

Sababu hasa zinajulikana. Mgonjwa wa TB ya kawaida hunywa dawa kwa miezi 6: miwili ya kwanza dawa nne zilizounganishwa kwenye kidonge kimoja, minne iliyobaki dawa mbili. Wiki chache tu baada ya kuanza, kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na mtu hujiona amepona. Vimelea bado wamo. Mwenye presha hana hata kikohozi cha kumkumbusha. Anayetumia ARV anajua ni dawa ya maisha, na maisha yana misiba, safari, ugomvi wa nyumbani na siku ambazo mtu hataki kabisa kukiona hicho kidonge. Ongeza bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x3 bila maelezo: yupo anayemeza asubuhi, mchana na jioni ndani ya saa kumi, na yupo anayegawa kila baada ya saa nane, na wote wawili wanaamini wamefuata maelekezo.

Kabla ya simu kuingia katika habari hii, njia iliyotegemewa ilikuwa jicho la mtu. Tanzania ina nafasi yake katika historia hiyo, na ni ajabu kwamba hatuitaji mara nyingi. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, alifanya kazi na Watanzania kuujenga: dawa za muda mfupi, rejesta ya kila mgonjwa, na mhudumu anayeshuhudia dawa ikimezwa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo wa namna hiyo na kuusambaza duniani kwa jina la DOTS. Jicho la mtu lilifanya kazi nzuri, lakini lina gharama. Mwambie mkazi wa kijiji cha Kalya, kusini mwa mkoa wetu kando ya Ziwa Tanganyika, ambako usafiri ni boti, afike kituoni kila siku ili nesi amwone akimeza. Ndiyo maana baadaye wagonjwa wakaruhusiwa kuchagua msimamizi wa nyumbani, ndugu au jirani. Teknolojia tunayoizungumzia leo imekuja kujaribu kuifanya kazi hiyo hiyo ya jicho, kwa mbali.

Vifaa vyenyewe

Cha kwanza na cha bei nafuu kuliko vyote ni ujumbe wa simu, SMS. Hauhitaji simu janja, kitochi kinatosha. Kompyuta ya kituo au ya mradi imepangwa kutuma ujumbe siku fulani, basi.

Cha pili ni lebo ya namba. Mfumo unaoitwa 99DOTS, ulioanzia India, huweka vidonge ndani ya jalada la karatasi. Ukichomoa kidonge cha leo, nyuma yake inatokea namba ambayo hukuweza kuikisia kabla. Unapiga au unatuma ujumbe bila kukatwa salio, na kalenda yako kituoni inajaza siku hiyo.

Cha tatu ni kisanduku kinacholia, na hapa ndipo uvumi ulipojikusanya. Ni boksi la plastiki la kuwekea vidonge, lenye kibao kidogo cha saketi ya umeme, betri, kitambuzi kinachojua kama kifuniko kimefunguliwa, na mara nyingi laini ya simu ndani yake. Muda wa dawa ukifika kinalia na kuwasha taa. Ukikifungua, kinaandika saa na tarehe, kisha kinatuma taarifa hiyo kupitia mtandao wa simu. Pasipo mtandao, vile vilivyotengenezwa vizuri huhifadhi kumbukumbu na kuituma baadaye. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 5, pamoja na Ethiopia, Ufilipino, Afrika Kusini na Ukraine, zilizojaribu visanduku na lebo za aina hii kwa wagonjwa wa TB katika mradi uliofadhiliwa na Unitaid, shirika la kimataifa la afya.

Cha nne ni video: mgonjwa anajirekodi akimeza, anamtumia mhudumu. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2017 kwamba njia hii inaweza kuchukua nafasi ya kushuhudia ana kwa ana pale inapowezekana. Kwa mwenye simu janja na bando inafaa. Kwa wengine tuiache kwanza.

Cha tano ndicho kidonge chenye chipu. Ndiyo, kipo. Novemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Abilify MyCite, dawa ya magonjwa ya akili yenye kitambuzi kidogo kama chembe ya mchanga. Kikifika tumboni, majimaji ya tumbo yanagusana na madini yake na kutoa ishara dhaifu, ambayo hunaswa na kiraka kilichobandikwa mwilini na kupelekwa kwenye simu. Bila kile kiraka hakuna kinachosikika. Kampuni ya Proteus iliyotengeneza kitambuzi hicho ilifilisika mwaka 2020. Vidonge vya TB na ARV vinavyotolewa bure kwenye vituo vyetu havina kitu hicho, na ukifikiria bei yake hutashangaa. Mkojo wako ukiwa wa rangi ya machungwa wiki ya kwanza ya dawa za TB, hiyo ni rifampisini, na ndivyo inavyokuwa kwa kila anayeinywa.

Kinachorekodiwa si kumeza

Mkanganyiko mkubwa, hata kwa wahudumu, upo hapa. Ukiacha video na kile kidonge cha Marekani, hakuna kifaa kati ya hivi kinachojua kama umemeza. Kisanduku kinajua kimefunguliwa. Lebo inajua kuna mtu ametuma namba. Ni kama daftari la mkopo la mangi: linaonyesha umechukua sukari, halionyeshi kama chai ilinywewa, wala ni nani aliyeinywa.

Chukua wavuvi wetu. Uvuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika ni wa usiku, kwenye giza, taa zikivuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu watu hupumzika nchi kavu. Mvuvi anayejua atakaa kambini siku tatu hakibebi kisanduku kikaloe ndani ya boti. Anachomoa vidonge vitatu kwa mkupuo, anavifunga kwenye nailoni, anaweka mfukoni. Anameza kila siku bila kukosa. Kwenye kompyuta ya kituo anaonekana amefungua siku moja, kisha siku mbili tupu. Mwenzake aliyebaki mjini anafungua kisanduku kila jioni kengele inapolia, anakitoa kidonge, anakitupa nyuma ya nyumba kwa sababu kinamtia kichefuchefu na anaogopa kusema. Kalenda yake haina doa.

Nesi akiisoma kalenda hiyo kama hukumu, atamgombeza mkweli na kumpongeza mwingine. Akiisoma kama sababu ya kupiga simu na kuuliza "ndugu yangu, juzi na jana kulikuwa na nini?", atasikia habari ya ziwani, na atajua kwamba huyu anahitaji kichupa kidogo kisichopitisha maji kuliko kengele. Kifaa ni kile kile katika hali zote mbili.

Ukweli wa mwisho hutoka kwenye vipimo. Kwa TB ya mapafu ni makohozi, yanayopimwa tena katikati na mwishoni mwa matibabu. Kwa anayetumia ARV ni kipimo cha wingi wa virusi, cha kwanza miezi 6 baada ya kuanza dawa. Virusi vikishafubazwa hadi visionekane, mtu haambukizi mwenza wake kwa kujamiiana, na hilo hakuna kisanduku kinachoweza kulithibitisha.

Je, vinasaidia?

Jibu fupi ni kwamba vingine vinasaidia, na tofauti imejificha mahali ambapo wauzaji wa vifaa hawapendi kupataja.

Huko China, utafiti mkubwa wa wagonjwa wa TB uliotangazwa mwaka 2015 uligawa wagonjwa katika makundi. Watafiti walihesabu miezi ambayo mgonjwa alikosa angalau dozi moja kati ya tano. Kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa karibu miezi 30 katika kila 100. Kwa waliopata SMS za ukumbusho peke yake, 27, yaani tofauti ndogo isiyo na uzito. Kwa waliopewa kisanduku, 17. Mtu akisoma hapo ataamua kwamba SMS ni kupoteza muda na visanduku vinunuliwe.

Lakini miaka 5 kabla, Kenya ilikuwa imeonyesha kitu kingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 538 walioanza ARV kwenye kliniki tatu, Nairobi na Kajiado, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata SMS mara moja kwa wiki, kila Jumatatu. Ujumbe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Haukutaja dawa, haukutaja kliniki, haukutaja ugonjwa. Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza kwa siku mbili, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Walioripoti kufuata dawa vizuri walikuwa asilimia 62 kwa waliopata ujumbe, dhidi ya 50 kwa wasiopata. Waliofubaza virusi walikuwa 57 dhidi ya 48.

Utafiti mwingine wa Kenya, upande wa magharibi, uliotoka mwaka 2011, uliongeza jambo ambalo kila mama mwenye mtoto wa shule analijua. SMS za kila wiki zilisaidia: asilimia 53 walifuata dawa kwa kiwango kizuri, dhidi ya 40 ya wasiopata ujumbe. SMS za kila siku hazikuleta tofauti. Anayekumbushwa kila siku huzoea, huchoka, na mwisho haoni tena kile anachoandikiwa.

Mimi nauona uzi mmoja katika matokeo hayo. Ujumbe unaoamrisha hupita. Ujumbe unaouliza, na wenye mtu upande wa pili anayefanya kitu baada ya jibu, unabaki. Kisanduku nacho hufanya kazi nusu kwa mlio wake na nusu kwa kuwa mgonjwa anajua kuna anayetazama. Yapo majaribio ya TB katika nchi kadhaa ambako vifaa viliboresha umezaji lakini idadi ya waliopona haikupanda kwa kiwango cha kutamba. Hilo halinishangazi. Kituo chenye nesi mmoja wa TB, ambaye ndiye huyo huyo anayechanja watoto, kikipewa kompyuta inayoonyesha wagonjwa 15 wenye siku tupu, kompyuta hiyo haitampatia saa za ziada wala salio la kupigia. Ningepewa fedha kidogo za kugawa katika mkoa huu, ningenunua kwanza muda wa maongezi wa nesi na nauli ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kisha ndiyo tuzungumze visanduku.

Hofu zinazosikika

Kwamba kisanduku kinanasa sauti: visanduku vya aina niliyoeleza hurekodi kifuniko, si maongezi. Kwamba kinakufuatilia ulipo: kitu chochote chenye laini ya simu huongea na mnara ulio karibu, na simu yako ya mfukoni imekuwa ikifanya hivyo miaka yote. Anachokiona mhudumu ni kalenda ya siku, haoni ramani ya nyendo zako. Kwamba ukiacha kukifungua utakamatwa: hakuna anayekamatwa kwa kutofungua boksi. Mhudumu anaweza kukupigia au kuja nyumbani, kama walivyokuwa wakiwatafuta walioacha dawa hata zama za madaftari.

Hofu ambayo siidharau hata kidogo ni ya siri. Nyumba nyingi zina simu moja kwa watu wanne. Ujumbe unaosema "usisahau kumeza ARV" ukifunguliwa na shemeji umeshavunja ndoa ya mtu. Ndiyo maana lile neno "Mambo?" lilikuwa na akili kubwa kuliko mitambo mingi ya gharama. Mlio wa kisanduku saa mbili usiku, wageni wakiwa sebuleni, nao ni tangazo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza ujumbe utaandikwaje, utatumwa saa ngapi, na ana haki ya kusema hautaki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mwenye VVU. Kituo au mradi unaokusajili unapaswa kukueleza unachukua nini na kwa ajili gani kabla hujaweka sahihi au dole gumba.

Ipo na imani moja ya hatari kweli, na haihusiani na chipu. Mtu anaona kisanduku kinaonyesha jana hakufungua, anameza dozi mbili leo ili "kufidia". Usifanye hivyo. Kwa dawa nyingi utaratibu ni kumeza unapokumbuka siku hiyo hiyo. Na kama muda wa dozi inayofuata umekaribia, unaruka ile iliyopita na kuendelea kama kawaida, bila kurundika. Kila dawa ina maelekezo yake, kwa hiyo uliza mapema, siku unayokabidhiwa. Programu ya simu inayokukumbusha dawa za presha au kisukari nayo haipandishi wala haishushi kipimo. Ikikuambia presha yako imetulia, hiyo si ruhusa ya kuacha.

Kuhusu saa ya kengele, usikubali kupangiwa na mtu asiyejua ratiba yako. Saa mbili usiku inamfaa mwalimu. Anayeingia ziwani saa kumi na moja jioni itamlilia nyumbani yeye akiwa kwenye maji bila mtandao. ARV inayotumika zaidi sasa, kidonge kimoja kwa siku, inaweza kupangwa asubuhi au jioni, kwa chakula au bila chakula, mradi iwe saa ile ile kila siku. Basi mweleze nesi kwamba wewe ni mtu wa usiku, na kwamba siku za mbalamwezi ratiba yako inageuka, akusaidie kuchagua saa inayofaa pande zote mbili, tuseme baada ya kutoka ziwani, kabla ya kulala. Kwa wenye TB, mzungumze pia habari ya kumeza kabla ya kula.

Upo na ugumu wa lugha, hasa Kasulu na Kibondo, ambako mzee anaweza kuelewa Kiha au Kirundi vizuri na asisome Kiswahili cha kwenye simu. Kwake SMS ni alama tu kwenye kioo. Simu ya sauti, au mjukuu aliyekubaliwa na mzee mwenyewe, ndiyo teknolojia yake.

Turudi kwa yule aliyefuta ujumbe akidhani ni utapeli. Hakukosea kuwa na wasiwasi. Ujumbe wa kliniki hauombi fedha, hauombi namba ya siri ya mtandao wa pesa, na haukutaki ubofye kiungo ili "uhakiki taarifa za mgonjwa". Ukiuona wa namna hiyo, ufute. Kama huna hakika, usijibu kwa namba iliyokutumia. Subiri siku ya kliniki au piga namba uliyoandikiwa na nesi kwenye kadi yako.

Na kama umebadilisha laini, sema. Mifumo yote hii inaweza kukatikia hapo, hata betri ikiwa nzima. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa, ambaye atakuwa akipokea salamu za nesi wako huku wewe ukiandikwa kwenye orodha ya waliopotea. Kila unapokwenda kuchukua dawa, taja namba unayotumia sasa, taja kama simu ni yako peke yako au mnachangia, na uache namba ya pili ya mtu mmoja anayejua unatumia dawa gani.